Inchi Mbili

Fundi Kundaeli, gereji ya Bomambuzi,
alilizunguka gari langu mara tatu
kama shemeji anayehesabu mahari pungufu.
Akapiga teke tairi. Akachekea puani.
"Hili, dada, ni la kwendea kipaimara.
Nawe unataka lipande Kishumundu, masika?"

Ndiyo. Nataka.
Kazi yangu haisubiri greda.
Simu hulia saa kumi alfajiri:
ng'ombe wa Mama Ndealilia amepata joto,
analia tangu jana jioni, anapanda wenzake,
na joto la ng'ombe halilali siku mbili,
halijali kwamba mvua imekula kalavati.
Mimi ndiye dume, kwa maana ya kazi.
Mtungi wa naitrojeni uko kiti cha nyuma,
nimeufunga mkanda kama mtoto;
ndani, madume wa Friziani wamelala kwenye mirija,
hawajui kwamba wiki iliyopita
nusura niwamwage mferejini.

Tukaanza na springi.
Za zamani zilitoka zimechoka, zina kutu ya miaka ya lami.
Akatia nyingine, ngumu, za gari la mizigo,
na juu yake spesa za alumini
alizochonga kijana wa leti pale Njoro,
aliyezipima kwa kalipa, kisha kwa kidole,
akaamini kidole.
Inchi mbili. Basi.
"Ukizidisha," alisema Kundaeli, "ekseli zitakukana
kabla jogoo hajawika."

Bamba la chuma chini ya sampu.
Mpira wa pumzi wa difu tukaupandisha juu
usije ukanywa maji ya mto Rau.
Kulabu mbili mbele, za kuvutwa, maana kiburi si maungwana.
Matairi yenye meno niliyanunua mawili mawili,
kwa pesa ya ndama ambao bado hawajazaliwa.
Taa sita za juu ya paa akakataa.
"Hizo za vijana wa Arusha," alisema,
akajifuta grisi kwenye suruali, mjadala ukaisha.

Kona ile ya chini ya kanisa unaijua,
kama umewahi kuteleza nayo:
udongo mwekundu, laini kama samli,
migomba kushoto, korongo kulia.
Mwaka jana vijana wanne walinisukuma hapo,
nikawalipa soda, wakanicheka hadi nikapotea machoni.
Safari hii walinisikia mapema.
Walitoka na gambuti, na jembe, na kiu yao.
Nikaweka gia ndogo.
Gari likanguruma, likayumba, likauma ardhi,
likapita.
Kwenye kioo niliwaona wamesimama,
mikono inaning'inia,
na kwa kweli niliwahurumia.

Jumapili, mama alitoka na kitenge chake cha ibada.
Akafungua mlango. Akatazama sakafu ya gari
pale ilipohamia, juu ya goti lake bovu.
Kengele ya pili ikalia.
"Mmeliinua kwa ajili ya ng'ombe," alisema.
Hakuongeza neno. Akaenda kwa miguu.

Nilirudi Bomambuzi kesho yake.
Kundaeli akaniambia nitafute chuma.
Ni mama aliyenionyesha, bila kugeuka kutoka jikoni:
"Chukua ubavu wa kile kitanda."
Kitanda cha baba, kilichosimamishwa ukutani
tangu tulipomtoa.
Kikachomelewa chini ya mlango, kikapakwa rangi nyeusi,
fundi hakunitoza hata mia.

Sasa kikanyagio kile hukwaruza mawe,
kinaila ile ile inchi tuliyoigharamia.
Kundaeli kila akikiona anatafuta msumeno.
Aendelee kutafuta.

Juzi simu iliniita katikati ya mahubiri.
Mama akainama: "Ng'ombe?"
Ng'ombe.
Akanitangulia mlangoni.
Nilipofika na funguo alikuwa ameshapanda,
matope ya kiatu chake yamebaki kwenye chuma cha baba,
na mtungi wa baridi ameupakata mapajani,
ananitazama kama mtu aliyechelewa.